Kuitangaza Injili Unyamwezini

Kuitangaza Injili Unyamwezini ni kazi ya kuidhihirisha imani ya Kikristo mbele za watu, kwa mahubiri, mafundisho, tiba na mwenendo, katika nchi ya Tabora na kandokando ya njia kuu ya misafara, ile iliyoanzia Bagamoyo na Saadani, ikapita Ugogo na Mgunda Mkali hata Unyanyembe, penye mji wa Tabora, kisha ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji na jingine Nyanza na Uganda. Taarikhi yake yaanza katika miaka ya 1870, nayo ina ajabu moja: njia ile ndiyo iliyowaleta wahubiri, lakini Ukristo haukustawi njiani, bali pembeni mwa njia.

Nchi na watu wake

Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kufanya maskani Kaze, yaani Tabora, wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1857 na kukaribishwa kwa ukarimu mwingi na Snay bin Amir. Waungwana hao walikuwa Waislamu, na kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na mzigo wa pembe begani, akarudi na kanzu, jina jipya na adabu za mjini, alikuwa mhubiri hodari wa dini yao ijapokuwa hakujiita mhubiri. Dini ya wenyeji ilikuwa mitambiko kwa wahenga, na mtemi ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

Misafara ya wamisionari

Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Machi hata Agosti 1872, akingojea wapagazi aliopelekewa na mwandishi wa habari Stanley. Kifo chake mwaka 1873, na mwendo mrefu wa watumishi wake Chuma na Susi waliouchukua mwili wake wakapita Unyanyembe hata Bagamoyo, viliwasha katika Ulaya hamu kubwa ya kupeleka wahubiri bara. Tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, alitoa pauni 5,000 ili Chama cha Misioni cha London kifungue kazi katika ziwa Tanganyika. Roger Price alitumwa mwaka 1876 kujaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani, shauri lililoonekana jema katika ramani. Ndorobo, yaani mbung'o, wakawamaliza ng'ombe, na wamisionari wakarudia mabega ya wapagazi kama walivyofanya wafanyabiashara wote. Wenzake Price walifika Ujiji Agosti 1878, na mwezi uliofuata kiongozi wao, Thomson, akafa. Dakta Joseph Mullens, katibu wa mambo ya nje wa chama hicho, aliyeondoka London mwenyewe ili akawatie moyo watu wake, hakupita Mpwapwa. Alikufa karibu na hapo Julai 1879.

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walianza safari Bagamoyo Juni 1878, wamisionari 10 pamoja na wapagazi mamia na askari wa kuwalinda. Padre Pascal, aliyewekwa awe mkubwa wa kundi la Tanganyika, alifia njiani mwezi wa Agosti kabla ya kuiona Tabora. Hapo Tabora msafara ukagawanyika, wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine wakamfuata Padre Livinhac kwenda Nyanza, na Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans wakafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Kwa miaka mingi Tabora ilikuwa kwa wamisionari mahali pa kupumzika, kuajiri wapagazi wapya, kununua vitambaa vya kulipia hongo, yaani ushuru wa watemi njiani, na kuzika wafu wao. Mmisionari wa Kianglikana James Hannington, ambaye baadaye aliuawa Busoga akiwa askofu, aliletwa Uyui, karibu na Tabora, mwaka 1882 akiwa hoi kwa homa na tumbo la kuhara, hata ikambidi arudi Uingereza.

Urambo

Mtemi Mirambo wa Urambo, bwana wa rugaruga, yaani askari wa vita, na mpinzani wa Waarabu wa Unyanyembe, alimpokea Dakta Ebenezer Southon wa Chama cha Misioni cha London mwaka 1879 kwa furaha isiyo na shaka. Alimtaka tabibu na rafiki Mzungu; Injili aliisikiliza kwa heshima na kuiacha pale pale. Southon aliwatibu watu kwa bidii, akasema nao kwa Kiswahili huku akijifunza Kinyamwezi, hata katikati ya mwaka 1882 bunduki ilipofyatuka kwa bahati mbaya ikamvunja mkono. Copplestone, mmisionari wa Uyui ambaye hakuwa tabibu, aliitwa akaukata mkono ule, naye mgonjwa mwenyewe ndiye pekee kambini aliyejua jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Southon alikufa mwezi wa Julai. Wenzake wakashikilia kituo hadi mwaka 1898, waongofu wakiwa wachache mno, ndipo Wamoravian, Waprotestanti kutoka Ujerumani, wakakipokea.

Kipalapala na mtemi Isike

Mapadre Weupe walijenga Kipalapala, karibu na Tabora, wakakusanya humo watoto waliokombolewa kwa fedha kutoka utumwani. Njia hiyo ya kupata wanafunzi ilisifiwa sana Ulaya. Wenyeji waliitazama kwa jicho jingine, kwani kwao mtoto aliyenunuliwa alikuwa wa yule aliyemnunua. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliwasonga hata wakahama mwaka 1889. Yeye mwenyewe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893, askari wa Wajerumani, waliokuwa wakiitwaa nchi, walipoliingia wakiongozwa na Tom von Prince. Mapadre walikuwa wamekwisha kukita mizizi Ushirombo mwaka 1891, wakafungua Ndala mwaka 1896, mbali na soko na misikiti ya mjini.

Adrien Atiman

Katika wote waliopita njia hii hakuna aliyedumu kuliko Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu yapata mwaka 1866, akaibwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema, katika ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawa tabibu na katekista hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa binti wa mtemi wa Wabende, na mwanawe akawa padre. Mgonjwa aliyemjia alifungwa jeraha na kusikia habari za Mungu katika kikao kimoja.

Makatekista na walimu

Makatekista na walimu wenyeji ndio walioifanya kazi hasa. Mapadre Weupe waliagiza miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo, na aliyeanza kujifunza alivaa medali shingoni, ambayo jirani zake wote waliiona na kuiuliza. Katekista alikaa kijijini kama mkulima yeyote. Alfajiri aligonga kipande cha chuma kilichotundikwa mtini, wanafunzi wakaketi chini, akauliza swali la katekisimu, nao wakaitikia jibu kwa pamoja hadi likakaa kichwani. Wamoravian, walioenea kutoka Urambo hata Kitunda, Sikonge na Ipole, walitilia mkazo kusoma na kuimba. Mmisionari wao Edmund Dahl alitoa kamusi ya Kinyamwezi mwaka 1915. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walipoitwaa Tabora Septemba 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, makundi ya waumini yalibaki mikononi mwa walimu wenyeji. Teofilo Kisanji alifanywa askofu mwaka 1966, wa kwanza Mtanzania katika Kanisa la Moravian.

Wanawake

Masista Weupe walianza kufika sehemu hizi katika miaka ya 1890, wakafundisha wasichana na kuuguza.

Hali ya sasa

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaiua njia ya misafara. Kipalapala ikawa seminari kuu tangu 1925, na kiwanda chake cha chapa kikatoa vitabu vya dini na gazeti la Kiongozi vilivyosomwa nchi nzima. Jimbo la Tabora likawa jimbo kuu mwaka 1953, na mkuu wake tangu 2023 ni Kardinali Protase Rugambwa. Wapentekoste wana hospitali kubwa Nkinga. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania yaacha kueneza dini kuwa jambo huru na la hiari ya mtu. Mikutano ya injili ya uwanjani, yenye kwaya na vipaza sauti, huhitaji kuarifu polisi kwanza. Mji wenyewe wa Tabora ungali na Waislamu wengi.