Pampu ya mafuta katika pikapu

Pampu ya mafuta ni kifaa kinachovuta mafuta kutoka kwenye tangi la gari na kuyasukuma hadi kwenye injini. Ikifa, injini haiwaki, au huzimika gari likiwa njiani. Katika pikapu za zamani ugumu wa kuibadilisha hutegemea hasa mahali ilipofungwa. Iliyo kwenye injini hufunguliwa kwa dakika chache, lakini iliyo ndani ya tangi hudai tangi lishushwe au bodi la nyuma liinuliwe.

Habari hii ina uzito katika maeneo ya milimani kama Bumbuli na Lushoto katika Usambara Magharibi, Tanzania. Huko pikapu hubeba mboga, matunda na viazi kutoka mashambani. Barabara kutoka Mombo, iliyo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, hupanda kupitia Soni, penye njia panda ya kwenda Bumbuli, hadi Lushoto kwenye karibu mita 1,400. Gari likizimika kwenye kona ya mlima likiwa na mzigo huhatarisha waliomo na wanaokuja nyuma.

Aina za pampu na mahali zilipo

Pampu ya mitambo hupatikana katika injini za petroli zenye kabureta, kwa mfano injini ya 22R ya Toyota Hilux na injini za Peugeot 404 za kabureta. Ndani yake mna utando wa mpira unaovutwa na kusukumwa na mkono mdogo. Mkono huo huendeshwa na kamshafti ya injini. Msukumo wake ni mdogo, takriban bar 0.2 hadi 0.3.

Pampu ya umeme huwa ndani ya tangi katika injini zinazopuliza petroli kwa nozeli, kama 22R-E na 3RZ-FE. Msukumo wake ni takriban bar 2.5 hadi 3. Kwa sababu ya tofauti hiyo, pampu ya aina moja haiwezi kuwekwa mahali pa nyingine: ya kabureta haitoshi kwa nozeli, na ya nozeli hufurisha kabureta.

Injini za dizeli kama 2L na 3L za Hilux na 1HZ ya Land Cruiser zina pampu ya nozeli iliyofungwa kwenye injini na kuzungushwa na mkanda wa taimingi. Kuitoa huhitaji kuweka taimingi upya, hivyo ni kazi ya fundi wa pampu za dizeli. Maelezo yanayofuata yanahusu petroli.

Kuhakikisha kwamba pampu ndiyo mbovu

Pampu nyingi hutupwa zikiwa nzima. Kabla ya kufungua lolote, hakikisha kwamba tangi lina mafuta, kwani geji huweza kudanganya. Kisha angalia fyuzi, rilei, chujio la mafuta na waya wa hasi unaofungwa kwenye chasisi. Pampu ya umeme ikipata volti 12 za betri na bado haizunguki, ndipo inaweza kuhukumiwa. Ikizunguka bila kusukuma, kwanza chunguza chujio na mabomba. Katika baadhi ya Toyota za zamani pampu haianzi kwa kufungua swichi tu; huanza injini inapozungushwa na stata. Kwa hiyo ukimya wake swichi ikiwa wazi si ushahidi.

Milimani kuna sababu mbili nyingine zinazofanana na ubovu wa pampu. Ya kwanza ni petroli kugeuka mvuke ndani ya bomba au pampu iliyo karibu na injini yenye joto. Hewa ni nyepesi zaidi juu ya mlima, hivyo petroli huchemka kwa joto dogo kuliko tambarare. Gari la kabureta likizimika kwenye mpando na kuwaka tena baada ya kupoa, au baada ya kitambaa chenye maji kuwekwa juu ya pampu, yaelekea tatizo ni mvuke. Ya pili ni mafuta machache: kwenye mteremko mkali hukimbilia upande mmoja wa tangi na pampu hunyonya hewa. Jambo hilo pia hufupisha maisha ya pampu ya umeme, kwani petroli ndiyo inayoipoza.

Tahadhari

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kukusanyika kwenye mashimo. Huweza kushika moto hata kwenye baridi kali. Mlipuko wa lori la petroli mjini Morogoro tarehe 10 Agosti 2019 uliua watu zaidi ya 100. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea, na kizima moto cha unga kiwe karibu. Maji hayazimi moto wa petroli, huusambaza.

Msukumo hupunguzwa kwa kutoa fyuzi ya pampu na kuacha injini izimike yenyewe. Kisha waya wa hasi wa betri hufunguliwa. Petroli itolewe kupitia bolti ya chini ya tangi, kama ipo, au kwa pampu ya mkono, na kuwekwa kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko. Kuvuta kwa mpira mdomoni ni hatari, kwa sababu petroli ikiingia mapafuni huweza kuua.

Kubadilisha pampu ya mitambo

Mabomba hutolewa na kuzibwa, kisha bolti zinazoshika pampu hufunguliwa. Mabaki ya gasketi ya zamani husafishwa na gasketi mpya kuwekwa. Mkono wa pampu uingie mahali pake sawasawa kabla ya kukaza bolti. Oili ya injini ikinusa petroli, yawezekana utando ulipasuka, na oili hiyo inapaswa kubadilishwa.

Njia za kufikia pampu iliyo ndani ya tangi

Kushusha tangi. Tangi likishatolewa mafuta, hushikiliwa kwa jeki na ubao, kisha mpira wa kujazia, mabomba na nyaya hufunguliwa, halafu bolti. Lita 60 za petroli zina uzito wa takriban kilo 45, hivyo tangi lililojaa lisishushwe. Gari likiwa limeinuliwa lazima likae juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Njia hii huweza kufanywa na watu wawili, lakini bolti zenye kutu huchelewesha kazi.

Kuinua bodi. Bolti za bodi, mara nyingi sita au nane, hufunguliwa pamoja na mpira wa kujazia, nyaya za taa na waya wa hasi. Watu wanne au zaidi hulinyanyua, au huliinamisha upande mmoja na kulikingama kwa magogo imara. Tangi hubaki mahali pake na pampu hufikiwa kutoka juu. Pikapu iliyoongezewa vyuma vya kubebea mzigo huwa na bodi zito, na hapo kushusha tangi hufaa zaidi.

Kukata tundu kwenye sakafu ya bodi. Baadhi ya watu hufanya hivyo ili kuokoa muda. Ni njia mbaya: cheche huruka juu ya tangi, mabomba huweza kukatwa, na baadaye matope na maji huingia. Tangi tupu si salama zaidi, kwani hujaa mvuke. Ili kukata bila hatari ni lazima tangi liondolewe kwanza, na likishaondolewa pampu tayari inafikika.

Kufunga pampu mpya

Sehemu ya juu ya tangi isafishwe kabla ya kufungua kifuniko ili mchanga usiingie. Nyaya ziwekewe alama. Zikibadilishana, mota huzunguka kinyume na haisukumi. Mpira mfupi ulio ndani ya tangi uwe wa aina iliyotengenezwa kuzama kwenye petroli, kwani wa kawaida huyeyuka. Gasketi na kichujio kidogo cha chini ya pampu viwe vipya, na uchafu ulio tangini utolewe. Baada ya kufunga, kila kiungo kikaguliwe kama kinavuja kabla ya bodi kurudishwa.

Kuzuia ubovu

Pampu huharibiwa hasa na uchafu, maji na kukaushwa. Mfuniko wa tangi uliopasuka huingiza maji wakati wa masika na vuli. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu uwakaji wa injini na kufanya pampu ilaumiwe bure. Ili kudhibiti uchakachuaji, EWURA ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta nchini Tanzania. Kwa gari la milimani, kutoruhusu tangi lishuke chini ya robo na kubadilisha chujio mapema hugharimu kidogo kuliko pampu mpya.