Bampa Inang'aa, Chumvi Iko Chini

Anko wangu aliporudi kutoka Birmingham alikuja na Mercedes W123, ile ya bampa za kromu, na nyota ya mbele ilikuwa imepakwa dhahabu. Mtaa mzima ulitoka kuiangalia. Miezi michache baadaye bampa ikaanza kutoa madoa ya kahawia kama mtu mwenye tetekuwanga. Anko akalaumu mvua ya Nairobi, akachukua waya ya kusugulia sufuria, akaanza kazi. Sitaongea sana kuhusu hiyo siku.

Nilienda kusoma, na wasee, mvua ya Nairobi haina makosa. Uingereza humwaga chumvi barabarani kila msimu wa baridi, na hiyo gari iliioga miaka mingi. Lakini stori ya kromu na chumvi imejaa zaidi Marekani.

Kabla ya kromu, gari zilipakwa nikeli. Inang'aa poa lakini inafifia, kwa hivyo ilibidi usugue kila mara. Miaka ya 1920 Colin Fink wa Columbia University na wenzake wakafanya kupaka kromu kwa umeme kuwe biashara, na Oldsmobile za 1926 zikawa kati ya za kwanza kutoka kiwandani nayo. Hatimaye chuma kinachong'aa bila jasho! Harley Earl, mkubwa wa kuchora gari pale General Motors, alikuja kuipenda kupita kiasi. Grili ya Buick ya 1958 ilikuwa na vipande 160 vya mraba vya kromu. Mia moja na sitini, kwa uso wa gari moja. Na Novemba 1954, mjini Flint, GM ilisherehekea gari yake ya milioni 50 kwa Chevrolet Bel Air ya rangi ya dhahabu, na mamia ya vipande vyake vilikuwa vimepakwa dhahabu yenyewe.

Sasa, kuna kitu jicho halioni. Kromu ya bampa ni nyembamba sana, mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kazi ya kuzuia kutu inafanywa na nikeli iliyo chini yake. Kromu ina vinyufa na vitundu vidogo, na maji ya chumvi yakipenya hadi kwa chuma, chuma ndicho kinaliwa, kwa sababu nikeli na kromu ni sugu kukiliko. Juu unaona doa kama nukta, kumbe chini limeshatambaa. Dhahabu ni mambo yale yale. Yenyewe haishiki kutu, lakini ni laini, inapakwa nyembamba, na ikishatoboka inamwachia jirani wa chini mateso yote.

Wakati wa vita vya Korea ilikuwa mbaya zaidi. Nikeli ilihitajika jeshini, serikali ikaibana, na bampa za 1951 na 1952 nyingi zikapakwa kromu bila ule msingi wa nikeli. Zilianza kubanduka mapema, na mwenye gari alikuwa amelipa pesa kamili.

Na chumvi ilikuwa inaongezeka. New Hampshire ilianza kuijaribu barabarani mwaka wa 1938 ili kuyeyusha barafu. Msimu wa baridi wa 1941 hadi 1942, Marekani nzima ilimwaga kama tani 5,000. Siku hizi ni zaidi ya tani milioni 10 kwa mwaka. Silaumu chumvi yenyewe, inaokoa maisha. Lakini hebu angalia Detroit. Mji wa magari umekalia mgodi wa chumvi, kama mita 350 chini ya ardhi, ulioanza kazi mapema karne ya 20. Malori yalifunguliwa vipande vipande, yakashushwa shimoni, yakaunganishwa huko chini. Juu wanatengeneza bampa, chini wanachimba kitu cha kuila.

Viwanda vilijirekebisha, sikatai. Vilikuja na nikeli ya tabaka mbili. Lakini ulinzi wa kila siku uliangukia mwenye gari. Kabla theluji ianguke, anaosha, anakausha, anapaka waksi nzito au Vaseline kwa bampa na kuiacha hivyo hivyo, imechafuka, mpaka baridi iishe. Kumbuka hii ndiyo kromu iliyokuja ili watu waache kusugua! Na ukiwa na gereji ya joto usijisifu: chumvi mbichi hula haraka kwenye joto kuliko kwenye baridi kali. Lazima uioshe kwanza, hasa chini ya gari, kwa sababu huko ndiko tope la chumvi hukaa bila mtu kuliona.

Anko sasa anatumia karatasi ya alumini, ile ya kufungia nyama, iliyoloweshwa maji, anasugua polepole, kisha anakausha na kupaka waksi. Nyota ya dhahabu ni sabuni, maji na kitambaa laini tu, kwa sababu ukiisugua kwa nguvu dhahabu yote inabaki kwa kitambaa. Bampa ya nyuma imerudi karibu yote. Ya mbele ndiyo alianza nayo na ile waya.