Mahame ya Mwitongo

Watu wengi wakitaja mkoa wa Mara hutaja mambo mawili: Ziwa Victoria na Serengeti. Mgeni hufika Musoma, akapunga upepo wa ziwa na kula samaki, kisha akapita Bunda kwenda kutazama wanyama. Akirudi kwao husema ameona pori ambalo halijapata kukaliwa na mtu. Mimi nami niliwahi kusema hivyo. Safari fupi ya kutoka Musoma hadi Butiama, na kutoka Butiama hadi Bunda, ndiyo iliyonitoa katika kosa hilo.

Nilianza na Butiama kwa sababu nilitaka kulizuru kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyefariki dunia huko London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuletwa kuzikwa nyumbani kwao, mahali paitwapo Mwitongo. Neno hilo la Kizanaki lina maana ya mahame, yaani mahali palipokuwa na maskani ya watu wa kale. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa baba yake, Chifu Nyerere Burito, aliyefariki mwaka 1942. Basi nikajifunza jambo la kwanza: kwa wenyeji, mahame si mahali palipotupwa. Ni mahali ambapo watu wameondoka lakini wazee wao wamebaki.

Karibu na Mwitongo upo msitu mdogo uitwao Muhunda. Wazanaki wameuheshimu tangu zamani kuwa ni makao ya mzimu, na wazee husema kwamba mzimu huo huweza kujionyesha kwa umbo la mnyama. Kwa heshima hiyo miti ya Muhunda iliachwa ikazeeka, wakati vilima vingi vya jirani vilikwisha kukatwa kuni na kulimwa. Nilipita njia yake ya miguu polepole, chini ya kivuli, nikisikia ndege tu. Mzee mmoja aliyenisindikiza aliniuliza, "Mwanangu, umeona uzio hapa?" Nikajibu sikuuona. "Umeona askari?" Nikajibu la. Hakuongeza neno, nasi tukaendelea na njia.

Kutoka hapo nilikwenda Bunda. Karibu na barabara kuu ya Mwanza na Musoma lipo geti la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Huku mambo ni mengine. Nchi ni pana, hifadhi yote ina kilometa za mraba 14,763, na mtu hatembei ovyo kwa miguu, bali hupita ndani ya gari. Kandokando ya mto Grumeti kuna msitu wenye mbega weusi kwa weupe, na majini kuna mamba wakubwa wanaowangojea nyumbu kila mwaka. Mto huo unaishia ziwani, katika ghuba ya Speke. Nilipotazama uwanda ule nilikumbuka neno langu la zamani, "pori lisilopata kukaliwa," na safari hii sikuweza kulitamka.

Kwa maana historia inasema vingine. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wanayo majina ya mahame yao, na baadhi ya mahame hayo yamo ndani ya mipaka ya hifadhi. Walilima, walifuga, waliwinda, wakazika huko. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukaja ugonjwa wa sotoka. Ng'ombe walikufa kwa makundi, na nyati na nyumbu pia. Njaa ilifuata, na ndui, na mashambulizi ya watu wenye njaa kama wao. Waliosalia walihama wakajikusanya mahali pa salama. Mashamba yakaota vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Wazungu walipokuja kuitazama nchi hiyo waliona vichaka na wanyama, wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia. Hawakujua kwamba wanatazama mahame.

Mwaka 1951 Serikali ya Waingereza ilianzisha hifadhi hiyo ya taifa. Mtu aliyekuwa akiwinda alipowinda baba yake akawa mwivi, na aliyetaka kwenda kutambika penye makaburi ya wazee akahitaji ruhusa. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu mwenyewe alitoa tamko mjini Arusha akiahidi kwamba nchi mpya itawatunza wanyama wake kama amana ya vizazi vijavyo. Ahadi ile imetimizwa, na mwaka 1981 Serengeti ikaorodheshwa kuwa urithi wa dunia. Sisemi kwamba lilikuwa kosa. Bila sheria na askari, sidhani kama wajukuu wetu wangemwona faru.

Lakini lipo jambo ambalo watalii hawaambiwi. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa wapatao 260,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamezidi milioni moja. Nini kiliwaongeza? Si bunduki ya askari peke yake. Ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi walichanjwa, sotoka ikatoweka kwao, na kwa hiyo ikatoweka kwa nyumbu. Afya ya pori ilitoka katika zizi la jirani.

Ndiyo sababu nilisikitika niliposimama Bunda nikitazama upande wa kata ya Nyatwali, baina ya hifadhi na ziwa. Katika miaka hii ya 2020 Serikali iliamua kwamba wakazi wake walipwe fidia na kuhama, ili wanyama wapate njia ya kufika majini. Hoja yake naielewa: ukame unazidi, na tembo hawajui mpaka wa shamba. Lakini nyumba ikibomolewa na mwembe ukaachwa, hayo ni mahame mapya. Baada ya miaka 50 mgeni atapita hapo kwa gari, aseme ameona pori lisilopata kukaliwa na mtu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ningependa methali hiyo iwe kweli katika nchi ya Mara. Fidia ni haki, na isicheleweshwe. Lakini zaidi ya fedha, majina ya mahali yaandikwe, makaburi yajulikane, na watoto wa waliohama wapewe njia ya kwenda kuwasalimu wazee wao. Swali la yule mzee wa Butiama sasa nalielewa. Muhunda hauna uzio kwa sababu kila anayeishi jirani nao anajua ni wa nani. Serengeti nayo ilikuwa na wenyewe, na ingali nao.