Robokopu ya Nani?

"Ya nani?"

Kijana wa kibanda cha muvi aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. Nilikuwa nimesimama mbele yake karibu na soko la Mbuyuni, mjini Moshi, flashi mkononi, nimemwomba aniwekee Robokopu. Nilitegemea aniulize ya mwaka gani, maana ziko mbili: ile ya 1987 iliyoongozwa na Mholanzi Paul Verhoeven, na ile ya 2014 ya Mbrazili José Padilha. Hilo halikumshughulisha hata kidogo. Alichotaka kujua ni niwekewe yenye sauti ya nani.

Nilikaa kimya kidogo, na ndani ya kimya hicho ikanipitia karibu miaka arobaini ya picha za mapigano kwenye mji huu.

Kwa wasioijua, Robokopu ni hadithi ya askari polisi wa Detroit, Marekani, anayeitwa Alex Murphy. Majambazi wanamuua kikatili. Kampuni kubwa iliyokabidhiwa polisi wa jiji inauchukua mwili wake, inaufunga ndani ya chuma, inamfutia kumbukumbu na kumrudisha kazini akiwa mashine. Huko Marekani picha hiyo ilipata wafuasi walioishika kama dini. Mwaka 2011 mashabiki walichanga zaidi ya dola 60,000 ili Detroit ijengewe sanamu ya shaba ya Robokopu, na kazi ya kuikamilisha na kuipatia mahali ikachukua zaidi ya miaka 10. Watu wa namna hiyo ukiwaambia picha yao inatengenezwa upya, ujue umegusa mzinga. Zilipotoka picha za kwanza za vazi jipya, kelele zilianza palepale: mbona limepakwa rangi nyeusi badala ya fedha? Mbona mkono mmoja umeachwa wa nyama? Ilipojulikana kwamba imepunguzwa damu ili hata vijana wadogo waruhusiwe kuingia, wengi wakaikatia tamaa kabla ya kuiona. Miaka miwili nyuma yake walikuwa wameshaumizwa na Total Recall mpya, ambayo ilithubutu kusimulia hadithi ileile bila kwenda Mars.

Moshi nako kelele zilikuwapo, ila zilihusu jambo jingine kabisa. Ili kuelewa ni lipi, inabidi turudi kwenye banda.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuona picha kulikuwa ni kwenda sinema mjini, na picha zenyewe zililetwa na shirika la umma, Tanzania Film Company, lililoundwa mwaka 1968. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973, ya rangi tena. Huku Bara tulisubiri hadi 1994. Katikati ya kusubiri huko ndimo video ilimoingia. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, akaja Mzee Mwinyi na ruksa yake, na deki zikaanza kushuka pamoja na vitenge na redio kaseti. Shangazi aliyekuwa Nairobi, mjomba baharia, mfanyabiashara wa Kiboriloni aliyezoea njia ya Holili: kila mmoja alikuwa na namna yake ya kufikisha deki mlimani.

Banda nililolifahamu mimi lilikuwa Majengo. Kuta za mabanzi zilizozibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie, mabenchi ya kuazima kilabuni, TV ya chogo juu ya meza ndefu. Nje kulikuwa na ubao wa chaki, na humo hayakuandikwa majina ya picha bali ya watu: Leo Anodi. Kesho Vandame. Jumapili Chaki Norisi mbili. Robokopu ndiye pekee aliyeandikwa kwa jina lake, kwa sababu uso wa mwigizaji, Peter Weller, ulifichwa na kofia ya chuma kwa sehemu kubwa ya picha, na hakuna aliyejua anaitwa nani. Huko juu, Marangu Mtoni au Mkuu Rombo, deki ilipanda siku ya gulio au wakati wa Krismasi, Wachagga wanaporudi nyumbani, na jenereta ilinguruma kwenye migomba hadi usiku wa manane.

Mkanda wenyewe ulikuwa nakala ya nakala ya nakala. Rangi zimefifia, mistari inapanda na kushuka, sauti kama inatoka ndani ya pipa. Hata anayejua Kiingereza asingeambulia kitu. Kwa hiyo pembeni ya TV alisimama jamaa mmoja aliyefika kidato cha nne, na kazi yake ilikuwa kutueleza. Hakutafsiri maneno, maana hata yeye hakuyasikia. Alisimulia. Alituonyesha steringi, akatuambia adui ni nani, akatutahadharisha kwamba rafiki wa steringi hatamaliza picha. Na Murphy alipozinduka ndani ya chuma, macho yamemtoka, hajui jina lake, yule jamaa alitamka neno moja ambalo kwa watu wa banda lile lilimaliza tafsiri yote:

"Huyu sasa ni msukule."

Sijawahi kusoma mhakiki yeyote, wa Ulaya wala wa Marekani, aliyeifafanua picha ile vizuri hivyo. Msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa, kumbe wachawi wamemchukua wanamtumikisha usiku shambani, amefungwa ulimi, hamkumbuki mama wala mtoto. Kila aliyekaa kwenye benchi alikuwa amesikia habari za msukule wa mtaa fulani. Na kwenye mlima huu, ambako mtu hata akifia Mwanza au Mbeya ndugu watachanga hadi arudishwe azikwe kihambani kwake, hakuna udhalimu unaozidi kumnyima maiti kaburi ukamtuma kazi. Verhoeven alikuwa akiyakejeli makampuni ya Marekani. Sisi tulikuwa tunatazama ndugu yetu aliyeibwa. Inapofika pale anaporudi kwenye nyumba yake na kuikuta tupu, inauzwa, huku vipande vya mke na mwanawe vikimpitia kichwani, banda zima lilinyamaza. Mlango ulikuwa wazi na sikumbuki kama kuna aliyetoka.

Kusema kweli, sauti ya pembeni haikuzaliwa kwenye banda. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha jaribio la sinema ya elimu wakiwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Walitengeneza filamu fupi za safura, za kodi, za kuweka akiba posta, wakazizungusha kwa lori Tanganyika na nchi jirani, maelezo yakiwa yamerekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali za wenyeji. Nia yao ilikuwa kuwafundisha watu tabia njema. Nadhani wasingefurahi kuwaona wajukuu waliowaacha, lakini mbinu ni ileile: picha ya mgeni, sauti ya mwenyeji.

Baadaye sauti hiyo ikahamia ndani ya mkanda. Dar es Salaam alitokea Kapteni Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kama Lufufu, akawa anasimulia kwa Kiswahili juu ya picha yenyewe na kanda zake zikauzwa hadi vijijini. Titanic, ambayo wengi wa rika langu wanaapa waliiona, waliiona kwa Lufufu. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliwafuatilia wasimuliaji hao, akaipa makala yake jina linalohusu kugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo naukubali nusu tu. Pilau huanza na mchele mbichi na viungo vyake. Lufufu alipewa wali ulioshaiva na akauunguza kidogo makusudi, kwa sababu anajua watu wanagombania ukoko.

Uganda walikuwa na wao, wanawaita VJ. Kenya akaja DJ Afro, ambaye CD zake zilivuka Taveta zikawakuta wasikilizaji Himo na Moshi wakiwa tayari, Kiswahili chake kikituchekesha hata pale alipokusudia kutisha. Ukitaka kujua jambo hili lilifika mbali kiasi gani, tazama Who Killed Captain Alex?, picha ya mapigano iliyotengenezwa mwaka 2010 na Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala, kwa fedha isiyotosha kununua ng'ombe mzuri. Nabwana ameeleza kwamba utotoni hakwenda sinema; kaka zake walikwenda, wakarudi wakamsimulia. Picha yake hiyo dunia nzima imeijua ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akishangilia na kutania toka mwanzo hadi mwisho. Isiyo na sauti haipo tena. Nabwana aliifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta ya kutengenezea picha iliyofuata.

Sasa mweleze mtu wa namna hiyo, aliyelelewa na picha za kusimuliwa, kwamba kuna kitu kinaitwa picha ya asili na kwamba kuirudia ni kuinajisi. Asili ipi? Mimi na binamu yangu wa Kibosho tumeona Robokopu mkanda uleule wa 1987, lakini yake na yangu ni mbili. Kwenye banda lao msimuliaji alimwita mkubwa wa kampuni kwa jina la bwana mmoja wa kijijini aliyekuwa na mizani ya uongo, na kila alipotokea watu walizomea. Hadi leo tukikutana matangani tunabishana.

Robokopu ya 2014 ilipofika Moshi, basi, hakuna niliyemsikia akilalamikia rangi nyeusi. Wala damu. Lawama ilikuwa moja, na niliisikia kwa fundi cherehani wa Double Road, mtu mzima, kabla sijaiona mwenyewe: "Safari hii mke ametia saini."

Alikuwa sahihi. Katika picha ya Padilha, mke wa Murphy anaulizwa na anakubali. Murphy anaamka akiwa na akili zake zote, anajua anaitwa nani, anaonyeshwa kilichobaki cha mwili wake na anaomba afe. Ni picha yenye mawazo, tena pale inapozungumzia majeshi ya mashine yanayotumwa nchi za watu inaona mbali kuliko ya zamani, sitaki kuionea. Baadaye daktari anampunguzia hisia kwa kuchezea kemia ya ubongo wake na anakuwa baridi kama chuma. Lakini tumeshachelewa. Tumemwona ni mgonjwa aliyefanyiwa operesheni, familia imearifiwa, karatasi zipo. Huyo si msukule. Msukule haombwi ridhaa. Na utamu wote wa ile ya kwanza ulikuwa ni kumngojea akumbuke jina lake mwenyewe kidogo kidogo, kama mtu anayefunguliwa ulimi.

Jambo la ajabu ni kwamba Robokopu hiyo mpya ilikuja bila msimuliaji wa kutuambia hivyo. Wakati huo banda lilikuwa limehamia kwenye mpira wa Uingereza, deki imekufa, na watu wanatazama nyumbani kila mmoja peke yake, sauti safi, Kiingereza kinasikika. Ndani ya nchi nako upepo ulikuwa umegeuka. Wenye Bongo Movie, ambao misukule na majini waliwatia wenyewe kwenye picha tangu siku za Shumileta ya Mussa Banzi mwaka 2005, waliwaona wauza muvi za nje kuwa wanakula mkate wao. Kulikuwa na stempu za kodi, kulikuwa na msako, na Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo wakitaka picha za nje zinazouzwa kiholela ziondolewe sokoni. Walikuwa na hoja. Tangu banda la Majengo hadi flashi yangu hii, hakuna aliyewahi kufikiria kumtumia Verhoeven hata senti moja, na jamaa wa kidato cha nne naye alilipwa kwa soda.

Wasimuliaji hawakuondoka. Wamehamia kwenye simu na kwenye kompyuta za vibanda kama kile cha Mbuyuni, wakiwa na mafolda yao, kila folda na jina la DJ. Ndiyo maana kijana wangu hakuwa na habari na miaka. Kwake Robokopu isiyo na mwenyewe ni faili tu.

"Mzee, ya nani?" alirudia, foleni ikiwa imeanza kujipanga nyuma yangu.

Akili yangu ilikuwa bado iko Majengo, kwenye dakika ya mwisho kabisa ya ule mkanda chakavu, pale mzee mwenye kampuni anapomuuliza yule askari wa chuma anaitwa nani, naye kwa mara ya kwanza anajitaja.

"Ya Murphy," nikajibu.

"Hapo sawa," akasema, akafungua folda ya DJ Murphy, akaanza kuteremka kutafuta herufi R.