Kiasi cha fedha mezani katika poka ya dau dogo

Kiasi cha fedha mezani ni fedha ambazo mchezaji wa poka hubadilisha kuwa chipu, yaani vibao vidogo vya kuhesabia, kabla ya kuketi kwenye meza ya kasino. Makala hii inahusu hasa meza za dau dogo katika kasino za Marekani, ambako wachezaji wengi si wa kulipwa bali ni watu wa kawaida wanaotumia fedha za mifukoni mwao. Kiasi hicho hakibadilishi uwezekano wa kushinda kama wengi wanavyodhani. Kinachoamuliwa nacho ni muda ambao mchezaji anaweza kukaa mezani na hasara kubwa kabisa anayoweza kupata siku hiyo.

Historia fupi

Poka ilienea Marekani katika karne ya 19. Aina inayochezwa zaidi leo huitwa Texas hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa matumizi ya wote. Katika jimbo la California aina hii iliruhusiwa mwaka 1987. Kabla ya hapo nyumba za karata za huko, kwa mfano zile za mji wa Gardena, zilijulikana kwa poka ya kubadilisha karata.

Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka jimbo la Tennessee, alishinda mashindano makuu ya World Series of Poker mjini Las Vegas na kupata dola milioni 2.5. Hakuwa mchezaji wa kulipwa, na ushindi wake uliwavuta watu wengi kwenye kasino. Tangu hapo poka isiyo na kikomo cha dau imepata umaarufu mkubwa, lakini meza zenye kikomo bado zipo.

Jinsi meza yenye kikomo inavyofanya kazi

Meza yenye kikomo hutambulishwa kwa namba mbili, kwa mfano dola 4 na 8. Kila mgao wa karata una awamu nne za kuweka dau: kabla ya karata za katikati, baada ya karata tatu za kwanza, baada ya karata ya nne, na baada ya karata ya tano. Katika awamu mbili za kwanza dau ni dola 4, katika mbili za mwisho ni dola 8. Dau hilo la dola 8 huitwa dau kubwa, nalo hutumika kama kipimo cha hesabu zote za meza hiyo.

Kabla ya karata kugawiwa, wachezaji wawili hutoa dau la lazima, kwa kawaida dola 2 na dola 4. Zamu hii huzunguka meza nzima. Madau yote hukusanywa katikati na kuwa fungu, ambalo huchukuliwa na mshindi wa mgao.

Katika kasino nyingi kila awamu huruhusu dau moja na nyongeza tatu. Kwa hiyo gharama kubwa kabisa ya mgao mmoja kwa mchezaji mmoja katika meza ya dola 4 na 8 ni 16 + 16 + 32 + 32, yaani dola 96. Hiyo ni sawa na madau makubwa 12. Kwa meza nyingine hesabu ni hii:

* dola 2 na 4: dola 48
* dola 3 na 6: dola 72
* dola 4 na 8: dola 96
* dola 6 na 12: dola 144

Migao inayofikia kiwango hicho ni michache. Hata hivyo, mchezaji mwenye chini ya kiasi hicho anaweza kuishiwa chipu katikati ya mgao ambao ana karata nzuri.

Kanuni ya fedha za mezani

Mchezaji anaweza kutumia tu chipu zilizo mbele yake mgao unapoanza. Hawezi kutoa fedha mfukoni katikati ya mgao, wala halazimishwi kuacha karata kwa sababu ameishiwa. Akimaliza chipu zake, hubaki akigombea fungu ambalo amelichangia, na wenzake huendelea kuweka madau katika fungu la pembeni ambalo yeye hana haki nalo.

Kanuni hii humlinda mwenye fedha kidogo, kwani hawezi kuondolewa na tajiri kwa dau asiloweza kulipa. Pia humpunguzia faida, kwa kuwa hawezi kushinda kwa kila mpinzani zaidi ya kile alichoweka mwenyewe.

Ni marufuku pia kuondoa sehemu ya chipu mezani na kuendelea kucheza. Anayetaka kuhifadhi alichoshinda hana budi kuinuka na kuondoka.

Kiasi kinachopendekezwa

Kasino huweka kiwango cha chini cha kuingilia, mara nyingi kisichozidi madau makubwa 10. Wachezaji wazoefu wengi huona kiwango hicho hakitoshi, na hupendekeza madau makubwa 25 hivi. Katika meza ya dola 4 na 8 hiyo ni dola 200, katika meza ya dola 2 na 4 ni dola 100. Kiasi hicho hutosha kwa migao miwili ya gharama kubwa kabisa, na salio dogo.

Katika poka isiyo na kikomo hesabu ni tofauti, kwa sababu mchezaji anaweza kuweka chipu zake zote wakati wowote. Meza ya chini ya aina hii kwa kawaida huwa na madau ya lazima ya dola 1 na 2, na wengi huketi na dola 200, yaani mara 100 ya dau la lazima la juu. Fedha hizo zinaweza kupotea zote katika mgao mmoja. Mchezaji mgeni anayeingia na kiasi kidogo hupunguza hasara anayoweza kupata kwa kosa moja.

Gharama za kukaa mezani

Katika poka wachezaji hushindana wao kwa wao, si na kasino. Kasino hupata fedha zake kwa kukata sehemu ya kila fungu. Tuchukue mfano wa meza ya wachezaji 10 inayocheza migao 30 kwa saa, ambayo kasino hukata dola 4 kwa kila fungu na mshindi humpa mgawa karata bahashishi ya dola 1. Kwa saa moja zinaondoka dola 150, sawa na dola 15 kwa kila mchezaji.

Ikiwa kila mmoja aliketi na dola 200, meza ilianza na dola 2,000. Baada ya saa 5 zimeondoka dola 750. Zimebaki dola 1,250, yaani wastani wa dola 125 kwa mtu, hata kama hakuna aliyemzidi mwenzake kwa ujuzi. Kwa hiyo mchezaji wa kiwango cha kati hupoteza polepole. Anayepata faida ni yule anayewazidi wenzake kwa kiasi kikubwa kuliko makato hayo.

Bahati na mtawanyiko wa matokeo

Katika muda mfupi bahati hufunika ujuzi. Kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika pande mbili za wastani huitwa mkengeuko wastani. Katika poka yenye kikomo, makadirio ya kawaida ni madau makubwa 10 kwa saa, yaani dola 80 katika meza ya dola 4 na 8. Kipimo hiki hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: kwa saa 4 ni dola 160, si 320.

Kwa mchezaji wa mfano uliotangulia, anayepoteza dola 15 kwa saa, wastani wa saa 4 ni hasara ya dola 60. Takriban theluthi mbili za siku zake zitaishia kati ya hasara ya dola 220 na faida ya dola 100. Karibu siku moja kati ya sita hasara itazidi dola 220. Hivyo kumaliza dola 200 kwa jioni moja si ishara ya mkosi, na kurudi nyumbani na faida ya dola 100 si ushahidi wa ustadi.

Fedha za mezani na akiba ya mchezo

Fedha za siku moja hutofautishwa na akiba ya mchezo, ambayo ni jumla ya fedha alizotenga mtu kwa poka peke yake. Swali la lini mcheza kamari atafilisika ni la zamani katika hisabati. Mholanzi Christiaan Huygens alilijumuisha katika kitabu chake cha mwaka 1657 kuhusu uwezekano.

Kwa mchezaji mwenye faida ya wastani wa dau kubwa 1 kwa saa na mkengeuko wa madau 10, hatari ya kumaliza akiba yote siku moja ni kama ifuatavyo:

* akiba ya madau makubwa 100: takriban asilimia 13.5
* akiba ya madau makubwa 200: takriban asilimia 1.8
* akiba ya madau makubwa 300: takriban asilimia 0.25

Madau makubwa 300 katika meza ya dola 4 na 8 ni dola 2,400. Hesabu hii inamhusu mshindi wa kudumu tu. Kwa asiye na faida, au anayepoteza kidogo kidogo, hakuna akiba inayotosha: akiendelea kucheza bila kikomo, mwishowe itakwisha. Akiba kubwa humcheleweshea tu siku hiyo.

Makosa ya kawaida

* Kudhani kwamba rundo kubwa la chipu huwatisha wapinzani. Katika meza yenye kikomo dau halizidi kiwango kilichowekwa, hivyo rundo halina nguvu hiyo.
* Kuongeza fedha ili kurudisha zilizopotea. Karata hazina kumbukumbu. Mgao unaofuata hauna deni kwa aliyepoteza uliotangulia.
* Kuhesabu fedha za mezani na kusahau nauli, chakula na bahashishi.
* Kuja na kadi ya benki. Kikomo cha dola 200 hakina maana ikiwa mashine ya kutolea fedha iko hatua chache kutoka mezani.

Kwa sababu hiyo njia inayopendekezwa ni kuamua kiasi nyumbani, kabla ya kuona karata yoyote, na kubeba fedha taslimu za kiasi hicho tu. Fedha hizo zisiwe za kodi ya nyumba, karo, matibabu au mkopo. Kipimo rahisi ni kujiuliza kama zikipotea zote leo, kuna mtu wa nyumbani atakayekosa kitu kesho. Ikiwa yupo, kiasi hicho ni kikubwa mno, hata kama kinalingana na madau 25.

Kwa wale wanaoshindwa kuheshimu kikomo walichojiwekea, tatizo si hesabu tena. Chama cha Gamblers Anonymous, ambacho wanachama wake husaidiana kuacha kamari, kilianzishwa Los Angeles mwaka 1957 na leo kina mikutano katika nchi nyingi.