Jiopolitiki ya Mipaka na Maliasili

Jiopolitiki ya mipaka na maliasili ni uwanja wa masomo ya uzamili unaochunguza jinsi mataifa yanavyogombea ardhi, maji na utajiri uliomo. Huunganisha jiografia, historia na sheria za kimataifa.

Ziwa Nyasa ni mfano ulio hai. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 uliuweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki, na Malawi inashikilia mpaka huo hadi leo. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya ziwa. Mvutano ulipanda mwaka 2012 kuhusu utafutaji wa mafuta, na Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji, akaongoza usuluhishi.

Mtafiti husoma mkataba neno kwa neno, hulinganisha ramani za kikoloni, kisha hufika Mbamba Bay, kwenye ufuko huo wa mashariki. Hapo mvuvi anayesukuma mtumbwi majini, kwa kipimo cha 1890, ameshavuka mpaka kabla magoti hayajalowa.

Baharini, hoja kama hizo zilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliyotoa hukumu kuhusu mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya Oktoba 12, 2021. Kenya iliikataa.