Kuchoka, Kukinai, Kuboeka

Ni saa mbili asubuhi. Mtoto amelala usiku kucha, amekunywa chai na maandazi, na somo la hesabu ndiyo kwanza limeanza. Analaza kichwa juu ya dawati na kusema, "Mwalimu, nimechoka." Amechoshwa na nini saa hizi? Mwalimu anamwona mvivu. Lakini mtoto hasemi uongo. Neno alilolipata ndilo hilo.

Neno la Kiingereza "boredom" kwa kawaida tunalifasiri kuwa uchovu. Katika maongezi ya kila siku halina madhara: hotuba ndefu inachosha, na kila mtu anaelewa. Likiingia katika maelezo ya ADHD, ile hali ambayo wengi huifasiri kuwa tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopindukia, linageuza maana juu chini. Aliyechoka nguvu zimemwishia, apumzike. Mtoto huyu nguvu zimemjaa. Anachokosa ni kitu cha akili kushika. Mwaka 2012 mwanasaikolojia John Eastwood wa Kanada na wenzake waliieleza "boredom" kuwa ni adha ya kutaka kujishughulisha na jambo la kuridhisha na kushindwa. Kutaka kupo, tena kwingi.

Niliwahi kulipenda neno kukinai, kwa kuwa ni la zamani na limekomaa. Lakini aliyekinai ameshiba, pilau imemtosha hata haitamani tena. Mtoto mwenye ADHD aliyewekwa mbele ya zoezi la kunakili hajashiba chochote. Ana njaa.

Njaa hiyo akina Eastwood waliihusisha na umakini: akili inashindwa kushikamana na kilicho mbele yake, nayo inajua kwamba imeshindwa. Sasa chukua mtu ambaye kuuongoza umakini ndiko kunakomshinda tangu utotoni. Adha inamjia mapema na inamuuma zaidi. Miguu inacheza, anainuka, anamsemesha jirani, anatafuta cha kushika. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataja dalili 18 za ADHD, na hakuna hata moja inayoitwa kwa jina la adha hii. Hata hivyo, soma kwamba mtoto hukwepa kazi inayodai kufikiri kwa muda mrefu, au kwamba kusubiri zamu kunamshinda, uone kama hutaisikia chini yake.

Si kila anayehangaika kitini ana ADHD, bila shaka. Darasa lililofurika, linalonakili ubao tangu asubuhi hadi mchana, litamtesa mtoto yeyote. Ndiyo maana mwongozo huo unataka dalili zidumu angalau miezi 6, zionekane katika mazingira yasiyopungua mawili, na baadhi yake ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12. Na huyo huyo anayeshindwa na daftari anaweza kuinamia bao saa nzima bila kuinua kichwa, jambo linalonifanya nilitilie shaka hata neno "upungufu". Umakini anao, ila hautii amri.

Kwa hiyo nalitetea neno la mtaani, kuboeka. Najua wapo wasiolipenda kwa kuwa limetoka Kiingereza. Lakini halina uchovu ndani yake, wala shibe, na vijana wanalitumia kwa maana hii hasa. Hatuhitaji hata kubuni nomino, kwani kitenzijina kinatosha: kuboeka kwake huanza dakika ya tano. Liangaliwe tahajia tu. Wanaoandika "kuboreka" wanaangukia kitenzi cha bora, chenye maana ya kupata nafuu, na katika faili la hospitali herufi moja itageuza malalamiko kuwa kupona.

Kwenye hojaji ya wazazi ningeandika hivi: "Je, mtoto wako huboeka upesi hata akiwa hajachoka?" Mama aliyemlea anajua jibu.